Usiiamini Lebo ya Chupa Kabla ya Seli

Tanga, Jumapili jioni

Mpwa wangu mpenzi Zuhura,

Mama yako amerudi salama kutoka Lushoto na anakusalimu. Anasema upige simu, usitume ujumbe tu.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema msimamizi wako amekupa kizuizi kiitwacho 3PO, kinachouzwa kwa jina la kuzuia kimeng'enya PFKFB3, na kwamba seli za mishipa ya damu ulizozitilia dawa hiyo zimepunguza lakteti kwenye maji ya lishe. Ukaniuliza: "Mjomba, hapa si nimeshathibitisha kwamba PFKFB3 ndicho kinachoendesha glikolisisi ya seli hizi?"

Bado, mwanangu. Umethibitisha kwamba ukitia 3PO, lakteti ya nje hupungua. Kati ya hilo na ulilouliza pana safari, na ndiyo maana nimekaa na karatasi badala ya simu. Fani hii ya kuzuia vimeng'enya naipenda tangu niingie maabara, na sitaki uipite mbiombio.

Nianze na kitu ninachokishika kila siku kazini: tyubu ya damu yenye kifuniko cha kijivu. Unajua ndani yake kuna sodiamu floraidi na oksaleti ya potasiamu. Oksaleti huzuia damu isigande. Floraidi imewekwa kwa ajili ya sukari, kwa sababu chembe za damu zikishatoka mwilini haziachi kula. Zinaendelea kuvunja glukosi mle ndani ya tyubu, na kwenye joto la kawaida la chumba kipimo hushuka kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Kwetu pwani, mchana wa kaskazi, joto la chumba si hilo la vitabuni, na kasi huzidi. Chukua mgonjwa ambaye sukari yake kabla ya kula ni milimoli 7.2 kwa lita. Kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0. Damu yake ikikaa mezani saa mbili bila kulindwa, mashine itasoma kama 6.4, na mtu huyo ataambiwa hana kisukari. Atarudi nyumbani akanywe chai yake ya sukari kama kawaida, na ugonjwa unaendelea kumla macho na figo.

Wengi katika kazi yetu huamini kwamba damu ikishaingia tyubu ya kijivu, sukari imesimama. Haijasimama. Floraidi hushika enolesi, na enolesi ni kimeng'enya cha hatua ya 9 kati ya hatua 10 za glikolisisi, njia ya kuvunja glukosi. Polisi wakifunga barabara Chalinze, mabasi ya Dar es Salaam hayajui. Yataendelea kutoka stendi mpaka foleni iyafikie. Ndivyo ilivyo ndani ya chembe nyekundu. Heksokinesi iliyo mlangoni inaendelea kupokea glukosi na kuitia fosfeti, na hatua zinazofuata zinaendelea, mpaka akiba ya ATP, nishati ya seli, ipungue na mambo yakwame kuanzia nyuma kuja mbele. Kwa hiyo saa moja hadi mbili za kwanza, sukari kwenye tyubu ya kijivu hushuka karibu sawa na kwenye tyubu isiyo na floraidi. Hutulia baada ya kama saa nne. Ndiyo sababu mwaka 2011 wataalamu wa kisukari na wa kemia ya tiba wa Marekani walishauri damu iwekwe mara moja kwenye barafu na plazma itenganishwe ndani ya nusu saa, au itumike tyubu yenye sitreti. Sitreti huongeza uasidi wa damu, na uasidi hukamata heksokinesi na fosfofruktokinesi, vimeng'enya vya mwanzo wa njia. Hapo sukari husimama kweli.

Tazama basi. Floraidi ni kizuizi cha zamani, kimeng'enya inachokishika kinajulikana, na hata namna ya kukishika inajulikana: mwaka 1941 na 1942 Otto Warburg na Walter Christian waliitenga enolesi na kuonyesha kwamba floraidi huungana na fosfeti na magnesiamu, na magnesiamu ndiyo enolesi inayoihitaji ili ifanye kazi. Hakuna siri iliyobaki kubwa. Na bado, mtu aliyepima glukosi peke yake katika saa ya kwanza angeapa kwamba floraidi haifanyi kazi, ilhali aliyepima lakteti angeapa kwamba imefanya kazi vizuri sana. Wote wawili wamepima sawasawa. Tofauti ni mahali waliposimama kwenye njia.

(Ndiyo, ni floraidi ileile inayopaka meno rangi ya kahawia kule Arusha na Kilimanjaro. Lakini usiwatishe watu: kiwango cha juu cha maji ya kunywa kwa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kwenye tyubu tunaweka kama miligramu 2.5 za sodiamu floraidi kwa kila mililita ya damu. Ni mamia ya mara zaidi.)

Kile kinachojikusanya nyuma ya kizuizi ndicho kilichowafundisha wazee wa fani hii karibu kila wanachokijua. Mwaka 1930 Ragnar Nilsson alitia floraidi kwenye hamira akakuta asidi ya fosfogliseriki imejaa. Gustav Embden, kule Frankfurt, alitumia dawa hiyohiyo kwenye misuli, na mwaka 1933, muda mfupi kabla ya kufariki, akapanga hatua za njia yote karibu kama tunavyozifundisha leo. Mwaka uliofuata Karl Lohmann na Otto Meyerhof wakakitambua kimeng'enya kilichokuwa kimezuiwa. Angalia mfuatano huo: sumu ilitangulia, kilichokwama kikaonekana, kisha ndipo kimeng'enya kikapata jina. Siku hizi tunaanza na jina.

Ila mtu ninayetaka umjue vizuri ni Einar Lundsgaard, daktari wa Copenhagen. Wakati wake ilikuwa imekubalika kwamba msuli unajikunja kwa sababu ya asidi ya laktiki. Meyerhof na Archibald Hill walikuwa wamepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi ya misuli, na nadharia hiyo ilikuwa imesimama juu ya kazi yao. Lundsgaard hakuwa na nia ya kuipinga. Alikuwa akichunguza viambata vyenye iodini na athari zake kwa mwili, na kimoja kilikuwa asidi ya iodoasetiki. Akawadunga wanyama. Misuli yao ikakakamaa ikawa kama mbao. Alipoipima akakuta haina asidi ya laktiki.

Mtu mwingine angesema dawa imeharibu kipimo. Yeye alikwenda kwenye misuli ya chura, akaitia iodoasetati, akaipiga umeme. Ikajikunja. Ikajikunja tena na tena, mara kadhaa wa kadhaa, bila kutoa laktiki hata chembe, kisha ikakakamaa. Alipotafuta kilichotumika akakuta ni fosfeti ya kreatini, kitu kilichokuwa kimegunduliwa miaka michache tu nyuma, mwaka 1927. Ilipungua kadiri msuli ulivyofanya kazi, na ilipokwisha msuli ukakwama. Kwa hiyo laktiki haikuwa nguvu ya kujikunja. Ni zao la njia inayoijaza akiba upya. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1930, na Hill mwenyewe, mwenye Nobel yake, aliandika mwaka 1932 kwamba fani yake imepata mapinduzi. Ninapenda sana tabia hiyo ya Hill. Na napenda kwamba kizuizi kimoja, kwa mtu aliyepima pande zote mbili, kile kisichotokea na kile kinachotokea badala yake, kiliangusha nadharia ambayo mahesabu mengi hayakuigusa.

Lakini iodoasetati yenyewe ni dawa ya hovyo kwa usahihi. Hushika GAPDH, kimeng'enya cha hatua ya 6, kwa kujifunga kwenye sisteini iliyo kitovuni mwake, na haiachii. Tatizo ni kwamba sisteini ziko kwenye protini nyingi mno. Ukizidisha kipimo au muda, iodoasetati itashika chochote chenye sisteini iliyo wazi. Kuvu wa jenasi Trichoderma wana namna bora zaidi: hutengeneza asidi ya koningiki, inayokwenda kwenye kitovu hichohicho cha GAPDH kwa uchaguzi mkubwa, na wenyewe wana GAPDH ya ziada isiyodhurika nayo. Kiumbe kinachotengeneza sumu kimejitengenezea na kinga. Ukipata nafasi ya kutumia koningiki sambamba na iodoasetati, utaona mara moja ni athari zipi ni za glikolisisi na zipi ni fujo tu. (Na kama maabara yenu hutumia GAPDH kama kipimo cha kusawazisha protini kwenye jeli, kumbuka kwamba ni kimeng'enya kamili chenye kazi, hakikuwekwa duniani kwa ajili ya jeli zetu.)

Deoksiglukosi, ile 2-DG iliyo kwenye kila friji ya maabara ya seli, nitaipitia haraka. Heksokinesi huitia fosfeti kama glukosi, kisha haiwezi kuendelea mbele. Hujazana na kuibana njia kutoka mlangoni. Watu huiita kizuizi cha glikolisisi na kuishia hapo. Lakini inafanana pia na manosi, na hivyo huvuruga seli inapopachika minyororo ya sukari kwenye protini zake. Jaribio la kutenganisha ni rahisi na la bei nafuu: ongeza manosi kidogo. Seli zikifufuka huku glikolisisi bado imebanwa, basi kilichoziua si njaa. Nimesoma makala nyingi za 2-DG ambazo jaribio hili halimo, na kila mara nasikitika, maana chupa ya manosi si ghali.

Sasa turudi kwenye 3PO yako, na hapa nakuomba usome taratibu.

PFKFB3 chenyewe si hatua ya glikolisisi. Kinatengeneza fruktosi-2,6-bisfosfeti, ambayo Emile Van Schaftingen na Henri-Géry Hers waliigundua Ubelgiji mwaka 1980, na hiyo ndiyo inayoichochea fosfofruktokinesi ikimbie. Ukikizuia, njia inapungua kasi bila kufungwa kabisa. Ndicho kilichowavutia watu wa saratani na wa mishipa ya damu. 3PO ilitangazwa mwaka 2008 na watafiti wa Louisville, Marekani, walioitafuta kwa kompyuta kwa kulinganisha maumbo ya molekuli na umbo la kimeng'enya. Ilipunguza fruktosi-2,6-bisfosfeti, ikapunguza glukosi inayoingia, ikapunguza lakteti. Mwaka 2014 watafiti wa Leuven wakaonyesha inazuia mishipa mipya ya damu isichipue. Ikasambaa dunia nzima, na kila aliyeinunua aliandika kwenye makala yake "kizuizi cha PFKFB3".

Mwaka 2020 likatoka jambo ambalo natamani libandikwe kwenye kila chupa. Watafiti walichukua 3PO na PFKFB3 kilichosafishwa, wakaviweka kwenye kifaa kinachopima joto linalobadilika pale molekuli mbili zinaposhikana. Hazikushikana. Walipandisha ukolezi mpaka maikromola 750, hazikushikana. Kizuizi kingine, AZ67, kilishika vizuri kwenye kifaa hichohicho, kwa hiyo ubovu haukuwa wa kifaa. Glikolisisi ya seli ilipungua kweli kwa 3PO, hilo hakuna anayelikana. Sababu waliyoikuta ni kwamba asidi ya laktiki ilikuwa ikijikusanya ndani ya seli, pH ya ndani ikashuka, na uasidi huo ukavibana vimeng'enya vya njia.

Soma tena kipimo chako, Zuhura. Wewe umepima lakteti ya nje. Seli iliyoacha kutengeneza lakteti na seli iliyoshindwa kuitoa zitakupa namba ileile kwenye maji ya lishe. Hakuna mashine itakayokutenganishia hizo mbili ukiwa umechota upande mmoja tu.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, kabla ya kuongeza dozi ya 3PO au kuchora mchoro wowote, ningepasua seli nipime lakteti ya ndani, nikipima na pH ya ndani siku hiyohiyo. Ningepima fruktosi-2,6-bisfosfeti yenyewe, nikijua kwamba hata ikishuka, uasidi pia unaweza kuishusha. Ningeomba AZ67 na kuiweka sambamba, maana vizuizi viwili visivyofanana umbo vikikubaliana, neno lao lina uzito. Na ningemwomba msimamizi seli ambazo jeni ya PFKFB3 imefutwa. Hilo ndilo kubwa. Zitie seli hizo 3PO. Ikiwa bado lakteti ya nje inashuka, dawa yako inafanya kazi mahali pengine, kwa kuwa kile inachodaiwa kukizuia hakipo tena. Jaribio hilo litakula wiki zako na litakuudhi. Lifanye.

Usiogope kumpelekea msimamizi wako makala hiyo ya 2020. Mpelekee kwa adabu, mwambie umeisoma na unaomba ushauri wake. Msimamizi mwenye kuijali kazi atafurahi, na kama ameshaisoma atakwambia ana mpango gani.

Kuna jambo la nyumbani lazima nilitaje. Mama yako mkubwa wa Pangani, tangu aambiwe ana uvimbe kwenye titi, ametumiwa na watu habari za "dawa ya kuinyima saratani sukari", na amesikia kwamba wewe unafanya kazi na dawa za namna hiyo. Atakupigia. Nakuomba umjibu kwa upole lakini bila kuyumba. Ni kweli Warburg aliona miaka ya 1920 kwamba uvimbe wa saratani hula glukosi nyingi na kutoa laktiki hata hewa ikiwepo, na ni kweli picha za PET tunazozitumia kuitafuta saratani zinategemea ndugu wa 2-DG aliyetiwa florini yenye mnunurisho. Kuiona saratani kwa njia hiyo ni kitu kimoja. Kuiua ni kingine. Kuna kemikali iitwayo 3-bromopiruveti iliyosifiwa kuwa inashika heksokinesi ya saratani. Inashika na GAPDH, na mengine mengi. Mwaka 2016 huko Ujerumani wagonjwa wa saratani waliotibiwa nayo kwenye kliniki ya tiba mbadala walifariki, na waendesha mashtaka wakafungua uchunguzi. Mwambie mama mkubwa chupa zako ni za seli tu, na kwamba tarehe aliyopangiwa hospitali asiikose. Mimi nitampeleka.

Usinielewe vibaya ukadhani naona vizuizi vya njia hii haviwezi kuwa dawa kamwe. Kuna kimoja kinachonipa matumaini makubwa, nacho kinahusu ugonjwa wa kwetu. Mdudu wa malale, akishaingizwa na mbung'o kwenye damu, hutegemea glikolisisi peke yake kupata ATP. Mitokondria yake kwenye damu haimsaidii kwa hilo, na akiba hana. Vimeng'enya vyake vya mwanzo vimefungiwa kwenye vifuko vidogo, glikosomu, ambavyo Fred Opperdoes na Piet Borst walivieleza mwaka 1977. Mwaka 2021 watafiti wa Edinburgh na wenzao walitangaza vizuizi vya fosfofruktokinesi ya mdudu huyu. Havikai kwenye kitovu, ambako vimeng'enya vya viumbe vyote hufanana, bali pembeni, mahali ambapo cha mdudu kinatofautiana na cha binadamu. Mdudu hufa upesi sana, fosfofruktokinesi za binadamu haziguswi, dawa hupita hadi kwenye ubongo, na panya waliopewa kwa mdomo kwa siku moja tu walisafishwa vimelea kwenye damu katika hatua ya kwanza ya ugonjwa. Ni panya, bado hatujafika kwa watu. Lakini nikiwafikiria watu wa Urambo na Kibondo, waliokuwa wakitibiwa malale ya ubongo kwa dawa yenye aseniki ndani yake, naona kazi hii inastahili watu kama wewe.

Na ukiisoma makala yao utaona walivyotumia kurasa nyingi kuonyesha kwamba dawa inashika pale wanaposema inashika: umbo la fuwele la kimeng'enya na dawa vikiwa pamoja, vipimo dhidi ya vimeng'enya vya binadamu kimoja baada ya kingine, ATP ya mdudu ikishuka. Isome yote, usiishie muhtasari.

Niandikie namba za lakteti ya ndani ukishazipata, zikiwa nzuri au mbaya, pamoja na idadi ya seli kwa kila kisima, maana bila hiyo siwezi kuzisoma. Kitabu chako cha maabara andika tarehe, namba ya toleo la chupa na ukolezi wa DMSO, kiyeyushi cha dawa, kila mara. Pesa ya manosi, kama maabara haina, nitakutumia kwa simu mwisho wa mwezi.

Wasalimie wenzako wa maabara.

Mjomba wako akupendaye,
Mjomba Athumani